Hujaji Arudipo, Huleta Nini Nyumbani?

Mkono mtupu haulambwi. Mtu atokaye safarini hutazamwa mikononi kwanza, ndipo aulizwe habari za huko atokako. Watoto hutazama kama ameleta mkate au miwa. Na akiwa ametoka hija, hata watu wazima humzunguka, kila mmoja akitaka apewe kitu kidogo cha mahali patakatifu.

Jambo hilo nililiona kwa macho yangu mjini Kilosa, mwaka mmoja, siku chache baada ya tarehe 3 Juni. Bibi mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hapendi kusemwa, alikuwa amerudi kutoka Namugongo, Uganda. Basi lilimshusha Dumila, akapanda gari jingine mpaka Kilosa, akafika miguu imevimba. Mizigo yake haikuwa mingi, lakini mmoja hakukubali kupokewa na mtu. Ulikuwa kidumu cha lita tano, chenye maji aliyoyachota huko Namugongo.

Jioni ile ile jirani wakaanza kuingia. Huyu ana chupa ya soda, yule ana kichupa cha dawa ya kikohozi kilichooshwa vizuri. Bibi akawagawia kwa kifuniko, vifuniko vitatu kila nyumba, wala hakumpendelea mtu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani akatikisa kichwa, akasema, "Haya, shemeji, sasa nanyi Wakristu mmepata hirizi yenu."

Bibi akacheka tu, akaendelea kumimina.

Mimi sikucheka, maana neno la mzee yule lilinikaa moyoni. Je, kichupa kile ni ukumbusho au ni hirizi? Na desturi hii ya kurudi na maji, mafuta au udongo wa mahali patakatifu ilianza lini? Nimezitafuta habari zake nami nawaletea leo. Ni habari za kale sana, lakini mtaona kwamba zatuhusu sisi tulio hai.

VICHUPA VYA NGAMIA WAWILI

Twende kwanza Misri. Yapata kilometa 45 kusini-magharibi ya mji wa Aleksandria, pembeni mwa jangwa, pana magofu yaitwayo Abu Mena. Hapo ndipo palipokuwa kaburi la Mtakatifu Mena. Mapokeo yasema kwamba Mena alikuwa askari katika jeshi la Kirumi. Wakristu walipoanza kudhulumiwa, aliacha jeshi akaenda zake jangwani, akakaa huko peke yake katika kufunga na kusali. Kisha akarudi mjini, akajitangaza mbele ya watu wote kuwa yeye ni Mkristu, akauawa. Hiyo ilikuwa karibu na mwanzo wa karne ya nne. Yasemwa kwamba ngamia waliochukua mwili wake walifika mahali fulani wakakataa kata kata kuendelea, hata walipopigwa. Basi akazikwa papo hapo.

Katika karne ya tano na ya sita mahali pale pakawa mji mzima, wenye makanisa, nyumba za wageni, na mabafu ya kuogea. Palikuwa pia na matanuri ya wafinyanzi. Kazi kubwa ya wafinyanzi hao ilikuwa kutengeneza vichupa vya udongo kwa ajili ya mahujaji. Kichupa kilikuwa bapa, urefu wake kama kiganja cha mtu, chenye vishikio viwili vya kufungia kamba ili kivaliwe shingoni au kitundikwe. Ubavuni palikuwa na picha ya Mena amesimama, mikono ameiinua katika sala, na ngamia wawili wameinamisha vichwa miguuni pake.

Wafinyanzi wetu hufinyanga chungu kimoja kimoja kwa mkono. Wale wa Abu Mena walikuwa na kalibu. Nusu moja ya kichupa ilikandamizwa katika kalibu hii, nusu ya pili katika ile, kisha nusu mbili zikaunganishwa, shingo na vishikio vikatiwa. Hivyo waliweza kutoa vichupa vingi sana kwa muda mfupi. Hujaji alijaza chake maji ya mahali pale, au mafuta ya taa iliyowaka kaburini, akaenda nacho kwao. Padre mmoja Mjerumani, Carl Maria Kaufmann, aliyafukua magofu hayo kati ya mwaka 1905 na 1907. Vichupa vya Mena vimeonekana katika nchi nyingi, hata pwani ya Uingereza. Fikirini safari iliyosafiriwa na kile kidude cha udongo!

Jambo la kusikitisha ni kwamba maji, ambayo mahujaji waliyatafuta pale, yalikaribia kuyamaliza magofu yenyewe. UNESCO iliyaandika Abu Mena katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, lakini mwaka 2001 ikayatia katika orodha ya mahali palipo hatarini. Maji ya kumwagilia mashamba yalikuwa yamepanda chini ya ardhi, udongo ukalainika, kuta zikaanza kudidimia. Watu wa Kilosa waliouona mto Mkondoa ukivunja kingo zake Desemba 2009 na Januari 2010 hawahitaji kuelezwa maji yaweza nini juu ya ukuta. Baada ya kazi ya miaka mingi ya kuyashusha maji hayo, Abu Mena yaliondolewa katika orodha ya hatari mwaka 2025.

MTU ALIYEPANDA JUU ILI ASIVUTWE NGUO

Sasa tutoke Misri twende Siria, kwa mtu ambaye habari zake ni za ajabu zaidi. Huyu ni Simeoni, aitwaye Simeoni wa Nguzoni. Alizaliwa karibu na mwaka 390, mtoto wa kuchunga kondoo. Akaingia utawani, lakini ukali aliojitendea mwenyewe uliwashinda hata watawa wenzake. Alijifunga kiunoni kamba ya mtende, ngumu na yenye kukwaruza, akaificha chini ya nguo mpaka ikamla nyama. Wakubwa wake wakaona mfano huo utawaumiza wengine walio dhaifu, wakamtaka aondoke. Akaenda kukaa juu ya kilima, karibu na kijiji cha Telanissos, katika nchi iliyo kaskazini-magharibi ya mji wa Aleppo.

Alikwenda kule ili awe peke yake na Mungu. Lakini kadiri alivyowakimbia watu ndivyo walivyozidi kumfuata. Wagonjwa walikuja, wagumba walikuja, wenye kesi na madeni nao walikuja. Kila mmoja alitaka kumgusa, na kuvuta vazi lake la ngozi ili apate baraka. Askofu Theodoret, aliyemjua Simeoni na kuandika habari zake wakati bado yu hai, atuambia kwamba hiyo ndiyo sababu ya nguzo. Simeoni aliona kuguswa-guswa na kuvutwa-vutwa ni heshima isiyomfaa na tena ni taabu, basi akajengewa nguzo akapanda juu. Ya kwanza ilikuwa mikono sita tu. Ikafuata ya mikono 12, kisha 22, na mwisho mikono 36, yaani zaidi ya mita 15. Huko juu alikaa, juani na mvuani, usiku na mchana, zaidi ya miaka 30, mpaka alipofariki mwaka 459.

Msidhani ya kuwa alikuwa mtu wa kuwachukia wenzake. Kila siku alikuwa na saa za kuwahutubia watu waliosimama chini, akasikiliza mashauri yao, akawapatanisha waliogombana, kisha jua lilipokuchwa akarudi katika sala zake. Theodoret ataja watu waliomjia: Waarabu, Waajemi, Waarmenia, watu wa Yemeni, hata watu wa Hispania, Uingereza na Ufaransa ya leo. Tena asema kwamba sifa zake zilifika mpaka kwa Waethiopia. Basi hata upande wetu huu wa Afrika jina lake lilisikika, angali hai.

Askofu yule asimulia jambo moja lililompata yeye mwenyewe. Siku moja kundi kubwa la Waarabu lilikuwa pale chini, na Simeoni akawaambia wamwendee Theodoret wapewe baraka. Lo! Walimjia mbio kwa pamoja. Wa mbele wakamvuta huku, wa nyuma wakamvuta kule, wa mbali wakawakanyaga walio karibu ili wamfikie, wengine wakamshika ndevu, wengine nguo. Asema angalikosa pumzi akafa, kama Simeoni asingaliwapigia kelele toka juu wakatawanyika.

UDONGO WENYE ALAMA YA MKONO

Simeoni alipokufa, kanisa kubwa lenye mabawa manne lilijengwa kuizunguka nguzo, kati ya mwaka 476 na 490 hivi. Mahujaji hawakupungua, bali waliongezeka. Hapo ndipo tunapokuta vile vitu vidogo ambavyo wataalamu huvitazama sana siku hizi. Vilikuwa vipande vya udongo, vya mviringo, vingi si vikubwa kuliko sarafu. Udongo ulitwaliwa pale pale kilimani, ukapigwa muhuri ungali mbichi. Juu yake huonekana nguzo, na kichwa cha mtakatifu kwenye kilele, na malaika wawili wakiruka kila upande, na pengine mtu akipanda ngazi. Walikiita kwa Kigiriki eulogia, maana yake baraka. Vingi vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Uingereza, mjini London.

Ukigeuza kimoja, mara nyingi utakuta upande wa nyuma alama ya kiganja au vidole vya yule aliyekifinya. Hatumjui jina lake. Lakini mistari ya mkono wake ingali pale, miaka 1,400 na zaidi baadaye.

Mahujaji walivitumiaje? Wengine walivitunza nyumbani, wengine walivivaa. Wengine walivisaga wakavitia katika maji wakanywa, au wakajipaka mahali paumapo. Msicheke, kina mama! Nenda sokoni popote katika nchi yetu, utakuta udongo wa kula umepangwa mafungu mafungu, na mama mjamzito akichagua. Hamu ya kula udongo ni ya zamani kuliko hospitali. Lakini leo waganga watuonya kwamba udongo waweza kuwa na mayai ya minyoo, au madini yenye sumu kama risasi, na hayo yaweza kumdhuru mama na mtoto aliye tumboni.

Alikuwako Simeoni mwingine, aitwaye Simeoni Mdogo, aliyeishi mwaka 521 hadi 592. Naye alipanda nguzo karibu na Antiokia, tangu utoto wake, na mama yake Martha pia ahesabiwa mtakatifu. Kitabu cha maisha yake chasimulia habari za padre mmoja aliyemletea mwanawe mgonjwa. Simeoni hakuwaambia wakae kule mlimani. Aliwapa kipande cha udongo, akawarudisha kwao, akiwaeleza kwamba nguvu ya Mungu yafanya kazi kila mahali, na kwamba watakapoitazama sura iliyo juu ya udongo ule wamkumbuke kana kwamba wamemwona.

Basi hapo naona jibu la kwanza kwa mzee wetu wa barazani. Hirizi hufungwa ili isifunguliwe, na nguvu yasemwa kuwa imo ndani yake. Kile kipande cha udongo kilikuwa wazi, chenye sura, ili kitazamwe. Kilimwambia mtu, Nenda nyumbani, Mungu yuko huko pia.

NGUZO ILIYOMALIZIKA

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Watu hawakutosheka na udongo. Walitaka nguzo yenyewe. Hujaji baada ya hujaji alibandua kijipande, leo huyu, kesho yule, karne baada ya karne. Ile nguzo ndefu iliyomwinua Simeoni juu ya mikono ya watu ikabaki jiwe tu, la mita mbili hivi. Mwaka 2016, katika vita vya Siria, mabomu ya ndege yakalipiga lile kanisa, hata jiwe lile likaharibika tena. Kabla ya bomu lo lote, mikono ya waumini ilikuwa imekwisha fanya sehemu kubwa ya kazi.

Tazameni ajabu hii. Simeoni hakuwa na kitu. Chakula chake kilikuwa kidogo kuliko cha maskini, vazi lake ngozi, nyumba yake hana. Watu walimsifu kwa kuwa hana kitu, kisha kila mmoja akataka awe na kipande chake.

Tusiwacheke watu wa kale. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu mmoja. Magari yalipanga mstari wa kilometa nyingi, wagonjwa wengine wakafa wangali njiani, na wako walioacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu waliambiwa wapite juu ya mafuta ya baraka yaliyomwagwa chini. Wakakimbilia kwa pamoja, wakakanyagana, watu 20 wakafa. Niliposoma habari za Theodoret kuvutwa ndevu, nilikumbuka Moshi. Siku ile ya Theodoret alikuwako mtu wa kupiga kelele toka juu, na watu wakamsikia.

SAFARI YA MIKUMI

Nirudi sasa kwa bibi wa Kilosa. Wiki ile ile alikwenda Mikumi, kwa binti yake aliyeolewa huko, nami nilifuatana naye kwa kuwa nilikuwa na shughuli zangu. Katika kikapu chake alikuwa na kichupa cha maji ya Namugongo, amekifunga kwa kitambaa.

Asubuhi ya pili nilipita kuwaamkia. Nikakuta mlango umefungwa. Jirani akaniambia, "Wametoka usiku, mtoto amezidiwa." Moyo wangu ukanidunda. Nilingoja mpaka mchana, ndipo nilipowaona wanarudi, bibi mbele, binti nyuma na mtoto mgongoni.

Binti ndiye aliyenieleza. Mtoto, umri wake miaka minne, alishikwa na homa kali saa tano za usiku, akaanza kuweweseka. Baba yake hakuwapo. Binti aliogopa giza, akaogopa na gharama. Akasema, "Mama, tumpe maji ya Namugongo, tusali, tungoje kukuche."

Bibi akafungua kile kichupa. Akamimina kidogo katika kiganja, akamtia mtoto alama ya msalaba kipajini. Kisha akafunga kichupa, akasema, "Haya mwanangu, tumekwisha sali. Sasa vaa viatu."

Wakampeleka hospitali. Akatobolewa kidole, ikaonekana ni malaria, akapewa dawa usiku ule ule. Mganga akawaambia kwamba mtoto mdogo mwenye malaria ya namna ile si wa kungojewa mpaka asubuhi.

Hapo Mikumi iko hospitali iitwayo Mtakatifu Kizito. Wapitao njia kuu huliona jina hilo, na wengi hawaulizi Kizito ni nani. Alikuwa kijana wa miaka 14 hivi, mdogo kuliko wote waliochomwa moto pamoja na Karoli Lwanga pale Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Yeye na wenzake 21 walitangazwa kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na Waanglikana nao wawakumbuka vijana wao waliouawa wakati ule ule. Basi waliojenga hospitali na kuipa jina lake wameweka Mikumi ukumbusho wa Namugongo usiotosha katika kichupa.

Nilimwuliza bibi, "Mama, ikiwa hukutegemea maji yale yamponye mtoto, mbona umeyabeba toka Uganda kwa taabu namna ile?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. Akajibu, "Baba, wale vijana maji yapo pale pale, na moto haukuzimika. Walikubali kufa kuliko kumkana Mungu. Mimi nikiyaona maji haya nakumbuka kwamba ni mwoga, nami naomba nisiwe mwoga. Jana usiku binti yangu aliogopa giza. Nami niliogopa vile vile. Lakini tulitoka."

Wasomaji wapenzi, sina la kuongeza juu ya maneno hayo, ila kuwashauri. Ukienda hija, Namugongo au Bagamoyo, Pugu au penginepo, hakuna dhambi kurudi na kitu mkononi. Wakristu wamefanya hivyo zaidi ya miaka 1,500, na Mtakatifu Simeoni Mdogo mwenyewe alitoa kwa mkono wake. Lakini usikinunue kwa mtu akuahidiye utajiri au kupona bila shaka. Usimkanyage mwenzako ili ukipate. Usiache dawa kwa ajili yake. Na kikiisha kufika nyumbani, waeleze watoto habari za mtu yule anayekumbukwa, alivyofunga, alivyosali, alivyokubali kukosa. Mtoto asiyejua habari hizo ataona maji tu.

Niliporudi Kilosa baada ya miezi miwili nilipita kwa bibi kumsalimu. Mzee wa barazani alikuwapo vile vile, wakizungumza. Nikauliza habari za kile kidumu. Maji yalikuwa yamekwisha kitambo, jirani wameyamaliza. Kidumu chenyewe kilikuwa pale mlangoni, mjukuu mmoja amekishika mkono, akienda nacho bombani kuchota maji ya kupikia.